Ushabiki Unaoanza Uzeeni: Suji, Unguja na Seoul

Kwenye makambi ya Wasabato huku Suji, Upare ya Kusini, meza ya CD haifunguliwi mpaka jua lizame. Mchana kutwa kwaya ngeni imeimba na watu wamefuta machozi, lakini Sabato si siku ya kuuza wala kununua, kwa hiyo katoni zinabaki chini ya meza, zimefunikwa kitenge. Jua likishazama upande wa nyika na sala ya kufunga Sabato ikishasemwa, kitenge kinaondolewa. Mgeni wa Suji atashangaa akiona nani wamewahi mezani. Vijana wapo nyuma. Mbele wamejaa akina mama wenye wajukuu na wazee wa makoti, hela imefungwa kwenye pindo la kanga au imekunjwa ndani ya Biblia, na kijana anayeuza anahojiwa kisawasawa. Hii ni ile ya mwaka jana au mpya? Yule mwembamba aliyekuwa anaanzisha, bado yupo? Mbona humu hamkuuweka ule mliouimba asubuhi?

Tumezoea kuuhesabu ushabiki kuwa homa ya ujana. Mtu akiwa na miaka kumi na minane anapenda bendi mpaka anaandika jina lake kwenye daftari la hesabu, halafu anaoa, analea, anaanza kulipa ada, na muziki unabaki kitu cha kusikia kwenye basi. Wanasaikolojia nao wametuongezea sababu ya kuamini hivyo. Kwa miaka mingi wameonyesha kwamba kumbukumbu za mtu mzima zimerundikana katika yale aliyopitia kati ya umri wa miaka 10 na 30, na nyimbo za kipindi hicho ndizo zinazomgusa kuliko zote. Vipindi vyote vya zilipendwa redioni vinaishi juu ya ukweli huo.

Lakini wale wa mezani Suji hawanunui zilipendwa. Wananunua kitu kipya, cha watu ambao miaka kumi iliyopita hawakuwajua. Hao ndio walionifanya nianze kulinganisha, kwa sababu nadhani kila mila ya muziki ina mlango wake wa kumwingiza mtu aliyechelewa, na milango hiyo haifanani. Penginepo anapokelewa kwa heshima. Penginepo anaulizwa alikuwa wapi siku zote. Na penginepo anaruhusiwa kuingia kwa sharti kwamba mapenzi yake ayaite kwa jina jingine. Kwa mizani yangu, afya ya muziki haipimwi kwa wingi wa vijana wanaoujaza ukumbi. Naipima kwa kuangalia kama bibi wa miaka sabini anaweza kupenda kitu kilichotoka mwaka huu bila kuonekana kichekesho.

Kwa Suji jambo hili lina historia yake. Wamisionari wa Kisabato kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, waliingia milima ya Upare mwaka 1903 na kuanzisha kituo walichokiita Friedensthal. Suji ikafuata baada ya muda si mrefu. Walileta shule, dawa, na uimbaji wa sauti nne. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya Wasabato huku juu amekua na kitabu cha Nyimbo za Kristo na tenzi anazijua kwa namba: mzee wa kanisa akitaja namba tu, kanisa zima limeshaanza kukohoa na kutafuta sauti. Ngoma hakuchezeshwa. Dansi hakwenda. Dansi lilikuwa la bondeni, Makanya kwenye mkonge na njia ya reli, Same mjini, na mbele zaidi Tanga ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kijana wa Suji aliyeshuka kutafuta kazi alilisikia, bila shaka, na baadhi walilicheza vizuri sana. Lakini akipanda mlima kurudi nyumbani hakupanda nalo.

Matokeo yake ni kwamba watu wengi wa kizazi hicho walivuka ujana wao wote bila kuwa mashabiki wa mtu. Walikuwa waimbaji, jambo ambalo ni tofauti kabisa. Kwaya ya kanisa lako huwezi kuishabikia, unawajua mno. Mwimbaji wa sauti ya kwanza ni shemeji yako na wa besi ana debe lako la mahindi hajarudisha tangu mavuno yaliyopita. Ushabiki unataka umbali kidogo, na umbali huo ulifika Suji kwa kuchelewa: kwanza kaseti, kisha redio za dini kama Morning Star ya Dar es Salaam, kisha CD, na sasa memori kadi. Kwa hiyo bibi anayesimama mezani baada ya jua kuzama harudii ujana wake. Huu ndio ushabiki wake wa kwanza.

Na kwaya iliyowapata wengi wao haikutoka hata Tanzania. Ambassadors of Christ ilianzishwa mwaka 1995 katika kanisa la Wasabato la Remera, Kigali, mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya kimbari. Walipoanza kutoa nyimbo za Kiswahili, na hasa Kwetu Pazuri ilipovuka mpaka, walikuta huku masikio yaliyoandaliwa kwa karne nzima. Ni sauti nne zile zile za kitabuni, ila zimenyooshwa, kila herufi inaanguka pamoja, na waimbaji wamesimama kwa sare kama wanavyosimama wao wenyewe mbele ya mimbari. Wimbo ule unazungumzia kwao kwingine, na Msabato anaamini kwamba aliyekufa amelala, hajui neno lolote, mpaka asubuhi ya ufufuo. Mjane wa Suji aliyemzika mume wake nyuma ya nyumba, migombani, ambaye kila akienda kukata majani ya mbuzi anapita kando ya kaburi, hahitaji kuelezwa wimbo huo unahusu nini. Kijana anaupenda kwa sauti. Yeye ana sababu mbili.

Kisha Mei 2011 kwaya hiyo ilipata ajali ya barabarani hapa nchini ikiwa njiani kurejea Rwanda kutoka kwenye huduma, na waimbaji watatu wakafariki. Nimewasikia watu wazima wa Upareni wakiisimulia ajali ile kwa namna wanayosimulia msiba wa ukoo: walikuwa wanatoka kwetu, tumewaaga, hawakufika. Baada ya hapo hawakuwa tena watu wa kwenye CD. Ushabiki wa kijana mara nyingi hujengwa na ndoto ya kufanana na msanii. Huu ulijengwa na kufiwa pamoja naye, na ninaona haya kuuita kwa jina lile lile la homa ya daftari la hesabu.

Kuna mama mmoja, umri wake umepita sabini, ana redio ndogo ya kichina ya kuchaji kwa sola, ile yenye tundu la memori kadi na kioo kinachoonyesha tarakimu nyekundu. Kioo hicho hakionyeshi jina la wimbo, kinaonyesha namba tu. Mama huyu amezikariri zote. Anajua ya 12 ni ipi, ya 37 ni ipi, na anajua kwamba ya 40 haifunguki, inakwama katikati. Ukimuuliza umewezaje, anakushangaa: “Mwanangu, nyimbo zote si ndivyo zinavyojulikana?” Mjukuu aliyekwenda Same kumwekea nyimbo mpya kwa mtu wa kompyuta alirudi na kadi ambayo mpangilio wake umevurugika, na ikawa kesi. Alilazimika kushuka tena mlima kurudisha kila wimbo kwenye namba yake.

Sasa tushuke pwani. Taarabu ina mlango mpana kuliko yote ninayoijua, kwa sababu tangu zamani umri ndio kiingilio chake. Unguja kikundi cha Ikhwani Safaa kilianza mwaka 1905 kama kilabu cha wanaume watu wazima waliotaka kupiga na kusikiliza muziki wa Misri kwa adabu. Katikati ya karne wanawake wakawa na vikundi vyao vyenye majina ya kutisha kama Royal Air Force na Navy, na ushindani wao ulikuwa wa watu waliokwisha kuolewa, kuachwa, kuolewa tena, na kujengeana chuki ya miaka. Msichana wa miaka kumi na sita ana nini cha kusema kwa wimbo wa mafumbo? Hajasalitiwa na mtu.

Tazama mtu anavyotunza. Wimbo umefika ubeti fulani. Mama aliyekaa kiti cha nyuma anainuka, anakuja mbele polepole, noti anayo mkononi ameinyanyua juu ili ionekane, anazunguka huku akitikisa bega, hamwangalii mwimbaji hata mara moja. Anamwangalia fulani pale safu ya tatu. Akishampa mwimbaji ile noti, ubeti ule si wa kikundi tena, ni wake yeye, ameununua mbele ya watu na ameutuma unakokwenda. Ndiyo maana wimbo uliotoka wiki hii unaweza kutunzwa na bibi wa miaka sitini bila mtu kumcheka. Ugomvi wake ni wa wiki hii, na anahitaji wimbo wa wiki hii. Wakati Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano waliposhindana jijini Dar es Salaam miaka ya 1990, kambi zao zilijaa wanawake wa umri huo, na hakuna aliyewauliza kwa nini wasitulie nyumbani.

Hata nyota wenyewe wa taarabu wamechelewa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928 alikuwa mtu mzima kabisa, na wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, ambaye naye alikuwa mtu mzima mwenye jina lake tayari. Kitabu kile nakisoma kama kazi ya shabiki. Mwandishi wa Tanga anayeinama namna ile mbele ya mwimbaji wa Unguja hawezi kuwa anatimiza wajibu wa uandishi peke yake. Bi Kidude aliipata tuzo ya WOMEX mwaka 2005 akiwa kikongwe. Ingawa hapo, kusema kweli, nashuku kwamba wapenzi wake wengi wa Ulaya waliupenda umri wake kuliko sauti yake, na hilo ni jambo jingine.

Dansi ni kinyume chake, na sitakaa hapo muda mrefu. NUTA Jazz ilianza 1964, ndiyo Msondo Ngoma ya leo. Mlimani Park, wana Sikinde, wakaja 1978. Mapenzi yao yamegawanya mji kama Simba na Yanga, na mashabiki wao wana mvi kweli, lakini ni mvi zilizoota humo humo ukumbini. Ukienda leo utaona: bendi ikipiga wimbo mpya, watu wanakaa, wanaagiza nyama. Ikirudi enzi za TX Moshi William, aliyefariki 2006, au za Gurumo, aliyetuacha 2014, ukumbi mzima unasimama. Sifa ya kuwa mpenzi wa dansi ni kuwepo wakati ule. Mtu anayeanza kuipenda Sikinde akiwa na miaka 55 atakaribishwa bia, watamsimulia sana, lakini hatapewa nafasi ya kubishana. Muziki unaompenda mzee kwa sababu ya kumbukumbu zake tu umeshamwambia kwamba masikio yake ya leo hauna haja nayo. Mimi naipenda dansi, na ndiyo maana jambo hili linaniuma kwake kuliko kwingine.

Mfano ulio karibu zaidi na Suji niliukuta mbali, Korea Kusini. Mwaka 2020 kituo cha TV Chosun kiliendesha shindano la Mr. Trot, la waimbaji wa trot, muziki wa mapenzi na majonzi ambao vijana wa Seoul walishauweka kwenye kundi la vitu vya babu. Aliyeshinda ni Lim Young-woong. Janga la korona lilikuwa limewafungia wazee ndani, televisheni ipo, na taifa likashuhudia kitu ambacho halikukitarajia: akina mama na bibi kwa maelfu wakawa mashabiki kamili, wana klabu yenye jina, Hero Generation, wana rangi yao ya bluu ya anga, wana fulana, wana taa za kupunga, na wanachangisha misaada kwa jina la mwimbaji wao. Tiketi za maonyesho yake zinagombewa na watoto wao kwenye intaneti, usiku wa manane, kwa sababu kumpatia mama tiketi ile kumekuwa kipimo cha mtoto mwema. Mei 2024 alipoimba katika uwanja wa Kombe la Dunia wa Seoul hakuruhusu viti kuwekwa kwenye nyasi, ili asiharibu uwanja wa mpira, na mashabiki wake wakaongezea jambo hilo kwenye orodha ya sababu za kumsifu kwa majirani.

Mtu wa Suji angeielewa Seoul kwa dakika moja. Huku pia ushabiki wa wazazi unagharamiwa na watoto: wa Dar es Salaam anatuma redio, wa Arusha anatuma sola, wa Mwanga anaambiwa atafute ile albamu mpya kabla ya makambi. Tofauti iko kwenye kinga. Mama wa Seoul amepewa kinga na adabu ya watoto kwa wazazi. Mapenzi yake yakishakuwa zawadi ya mtoto, hakuna wa kuyahoji. Mwanamke wa Unguja anakingwa na ugomvi wake, kwa kuwa kila mtu anakubali kwamba mwenye la kusema ana haki ya kulisema kwa noti yake. Mama wa Suji anakingwa na ibada. Yeye hasemi anaipenda kwaya. Anasema anabarikiwa.

Kinga hii ya tatu ina faida ambayo nyingine hazina. Haimwachi peke yake hata kidogo: anaweza kusikiliza akichambua maharage ya makande, akiwa amelala anaumwa, hata saa za Sabato ambazo redio ya jirani imezimwa, na hakuna mwenye la kumwambia. Lakini ina bei yake. Mtu aliyebarikiwa hatakiwi kuchagua. Hatakiwi kusema kwamba sauti ya fulani inamtoa machozi na ya fulani inamkera, kwa maana sifa zote ni za Mungu na kulinganisha waimbaji ni kukaribia kuabudu watu. Wapo wazee wa kanisa wanaolihubiri hilo waziwazi, na hoja yao si ya kipuuzi; wameona kwaya zikivunjika kwa kusifiwa.

Mambo yalionekana wazi alipokuja Rose Muhando. Albamu yake ya Mteule Uwe Macho ya mwaka 2004 ilisikika kila pembe ya nchi. Maneno yalikuwa ya injili, lakini midundo ilikuwa ya kuinua mtu kitini, na mwimbaji mwenyewe alicheza. Je, hapo mtu anabarikiwa au anafurahi? Wengine walikataa kabisa. Wengine waliiweka, sauti chini, siku za kazi. Mzee mmoja nimjuaye alitatua kwa kusema anasikiliza ujumbe tu, huku mguu wake wa kulia ukiwa na maoni yake mengine. Ningependa siku moja mtu kama huyo aweze kusema tu kwamba wimbo ni mtamu. Unguja angelisema, Seoul angevaa na fulana. Suji bado, na sidhani kwamba wahubiri peke yao ndio wa kulaumiwa. Hata sisi watoto tunapenda kuwafikiria wazazi wetu kuwa watu wa kubarikiwa, si watu wenye ladha.

Ilhali ladha wanayo, tena kali. Masikio yaliyoimba sauti nne kwa miaka sitini hayadanganyiki na kinanda. Shabiki kijana anaifuata kwaya yake popote inapokwenda. Akiambiwa albamu mpya ni mbaya anapigana. Huyu wa uzeeni hana muda huo. Aliichagua kwaya akiwa na akili zake zote, hakuna rafiki wa darasani aliyemvuta, na anaweza kuiacha kwa wimbo mmoja. Yule mama wa redio ya namba aliletewa majuzi kazi mpya ya kwaya moja anayoipenda, nyimbo kama kumi hivi, mjukuu akaketi kusubiri sifa. Mama alisikiliza zote, moja baada ya nyingine, bila kusema. Kisha akamwambia: tano za mwanzo ziache. Hii ya sita wenye sauti ya pili wamemezwa na kinanda, na ya saba wanakimbia, kwani wanakwenda wapi? “Zitoe hizo, uniwekee zile zangu pale pale zilipokuwa.” Mjukuu akajaribu kumweleza kwamba siku hizi ndivyo studio zinavyorekodi. Akajibiwa kwamba basi studio hiyo iletewe mtu wa Suji.